Mwaka Nilioingia Chumbani

Bi Swafiya alizikwa kabla sijafika. Simu ilinikuta Mombasa baada ya sala ya alfajiri, nikapanda basi la kwanza, na boti ya Mokowe iliponishusha gatini Amu watu walikuwa wamesharudi kutoka makaburini, wanaume wameketi barazani na vikombe vya kahawa mikononi. Sikwenda kwanza nyumbani kwa marehemu. Nilikwenda Langoni, nyuma ya msikiti, kwenye chumba kile chenye mlango mfupi unaomlazimisha kila mtu kuinama. Niliwakuta wanawake watatu vijana wakisuuza madumu na kuanika vitambaa. Mmoja ni mwalimu wa chekechea, mmoja hufua mashuka katika hoteli moja ya Shela, wa tatu sikumtambua hadi aliponitajia nyanyake. "Pole, shangazi," akasema yule wa Shela. "Tumemtoa vizuri. Hatukukuachia kazi." Nikaketi juu ya kasha, nikalia. Nilimlilia Bi Swafiya, na katikati ya kilio nikajikuta nayatazama madumu yale yaliyopangwa kwa safu, midomo imeelekezwa chini, ndoo zimefunikwa, sakafu imefutwa hadi pembeni, na moyo ukanituna kwa fahari. Miaka yote hii nimeishi mbali nikidhani chumba kile kimesimama kwa sababu ya wazee niliowajua. Kumbe kimejisimamia.

Mwaka ninaotaka kuueleza ni ule niliomaliza kidato cha nne, nikakaa nyumbani nikingoja matokeo, kisha nikangoja lolote lile. Chumba ni sehemu ya nyumba ya wakfu iliyoegemea ukuta wa msikiti. Juu kuna vyumba viwili ambako wagonjwa wanaoletwa hospitali kutoka Pate, Siyu, Faza na Kizingitini hulala bure pamoja na jamaa zao. Chini, ukipita ukumbi mwembamba ambapo jeneza la msikiti huegemezwa ukutani, ndipo unapoinama na kuingia. Ndani mna baridi hata mwezi wa Februari, kwa unene wa kuta. Zidaka za ukutani hazikuwa na sahani za kizungu kama za nyumba za Mkomani. Zilipangwa chupa za marashi, pamba iliyochambuliwa, na mikebe ya maziwa ya unga iliyotiwa karafumaiti. Chini, masufuria makubwa ya arusi na ya matanga yalipachikwa moja ndani ya jingine hadi kufika kifuani mwangu. Siku za Jumatatu, baada ya sala ya alasiri, harufu ya karafumaiti ilichanganyika na ya mahamri na mbaazi za nazi, na hadi leo nikila hamri la moto pua yangu huitafuta ile nyingine.

Kikundi hakikuwa na jina. Hakikuwa na muhuri, bango wala mwenyekiti. Mtaani waliitwa wa chumbani, na mtu akisema "waiteni wa chumbani", kila mmoja alijua ni kwa arusi au kwa msiba kwa kuitazama sura yake. Waliazimisha masufuria, waliwapikia uji wagonjwa wa juu mwezi wa Ramadhani, na mwanamke akifa kokote kati ya gati na mwisho wa Langoni, wao ndio waliomwosha na kumkafini. Jumatatu walikutana kutayarisha: kuchambua pamba, kutwanga majani makavu ya mkunazi, kukata sanda. Na kusema. Mimi nilizoea shuleni kwamba mambo ya mji huamuliwa na watu waliovaa viatu vya ngozi. Mle ndani nilisikia vijana wakiposwa, ugomvi wa mipaka ya nyumba ukitulizwa, mgonjwa akitafutiwa mtu wa kumsindikiza Mombasa, na yote yakisemwa kwa sauti ile ile ya kuomba sukari.

Chumba kilikuwa na dirisha moja, dogo, juu karibu na boriti, lililoelekea birika la msikiti. Kwa dirisha hilo tuliyasikia yote waliyoyasema wanaume wakitawadha, na wanaume wakijua kwamba tunasikia, kwa hiyo walipotaka jambo kwetu walilisema kwa nguvu zaidi. Bwana Athmani, mtunzaji wa msikiti, alikuwa na adabu yake. Angesimama chini ya dirisha, akakohoa mara tatu, kisha akazungumza na ukuta. "Kama kuna mtu ndani," angesema, "Ijumaa kuna arusi ya watu hamsini." Bi Maryamu, ambaye hakuwa na subira na lolote, angejibu bila kuinua uso: "Hakuna mtu ndani, Bwana Athmani, ni masufuria yanasikia." Na Bwana Athmani angecheka huko nje, akaenda zake kuwaambia wenye arusi kwamba wamekubaliwa.

Walikuwa wengi waliokuja na kwenda, lakini nguzo zilikuwa tatu. Bi Swafiya alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, mwenye mikono mirefu na maneno mafupi, naye ndiye aliyeshika mkasi. Bi Maryamu alishika maji na ulimi. Bi Rukia, mkubwa wao wote, mfupi hata akiketi juu ya kasha miguu yake haikugusa sakafu, alishika ubani na mzaha. Mimi niliingia kwa kutumwa. Nilipeleka bakuli la kaimati Jumatatu moja, Bi Swafiya akanitazama vidole, akaniuliza, "Kucha zako hukata mwenyewe?" Nikasema ndiyo. "Zimekatwa sawa. Ndoo, kaa tini." Nikaja, nikaketi chini kama nilivyoambiwa, na sikuondoka mwaka mzima.

Kilichonivuta, nikisema kweli, ni kanuni moja. Sanda ya chumbani ilikuwa moja. Mke wa mwenye majumba Mkomani na mwanamke asiye na jamaa walikatiwa kutoka jora moja la bafta, vipande vitano vile vile, kwa kipimo kile kile. Aliyekuwa na uwezo alileta jora zima baada ya matanga, asiyekuwa nao alileta dua, na hakuna aliyeandika nani kaleta nini. "Mtu ataingia kwa mlango ule ule," Bi Swafiya alinieleza, "basi nguo nayo iwe ile ile." Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka kwenye shule ambako tulijuana kwa ubora wa viatu, na maneno hayo yaliniingia.

Kipimo chetu kilikuwa mkono, kutoka kiwikoni hadi ncha ya kidole cha kati. Bi Swafiya aliukunja mkono wake wa kushoto, akaulaza juu ya bafta, akausogeza, akaulaza tena, akihesabu chini kwa chini. Shuka la kufunika, mikono mitano, na mashuka hayo ni mawili. Kanzu yake, ushungi wake, shuka la kiunoni, kila kimoja na hesabu yake. Mimi, mtoto wa shule, nikaona hatari: vipimo vyote viko kichwani mwa mtu mmoja. Nikaleta daftari. Nikachora mistari kwa rula, nikaandika kila kipande na mikono yake, nikaandika hata idadi ya vifundo na upande wa kuanzia kukunja. Bi Maryamu alilichekea daftari lile kuanzia siku ya kwanza. "Haya, mwandishi wa maiti," angesema, "andika na hili: Bi Maryamu amekunywa vikombe vitatu vya kahawa, akataka cha nne akanyimwa." Lakini Bi Swafiya alinitaka nimsomee, akasikiliza hadi mwisho, akaitikia kwa kichwa polepole. "Zote ni sahihi," akasema. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyepewa cheti.

Baada ya mfungo, binti yake Bi Swafiya alikuwa karibu kujifungua Mombasa, na mama akaenda kumwangalia. Kabla ya kuondoka aliniita mbele ya wenzake, akanipa mkasi. "Jora limebaki la sanda nne," akasema. "Ukiitwa, kata. Na usiogope." Bi Maryamu akasonya kidogo. Bi Rukia akapiga kigelegele kifupi, kile cha nyumbani kisichotakiwa kufika barabarani. Na mimi, badala ya kungoja kuitwa, nikafanya jambo nililoliona la akili. Jumatatu iliyofuata nilifungua daftari, nikatandika jora lote sakafuni, nikakata sanda zote nne kwa pamoja, na bafta iliyobaki nikaikatakata vitambaa vya kuoshea, nikijisifu kwamba nimebana matumizi. Kila moja nikaikunja, nikaifunga kwa utepe wake, nikaipanga kwenye kidaka. Zilikuwa nzuri kutazamwa. Nilirudi nyuma hatua mbili kuzitazama, nikawaza kwamba Bi Swafiya akirudi atakuta chumba kina mpango ambao hakijawahi kuwa nao.

Hapa niseme neno kabla sijaendelea. Anayeosha hasemi alichokiona. Hilo tuliapishwa kwa mdomo, nami sijalivunja na sitalivunja leo. Marehemu ninayemtaja hana jina hapa, na sitaeleza habari zake zaidi ya kwamba alikuwa mrefu, jambo ambalo kila aliyemwona akipita njiani alilijua. Ninachokitoa ni kosa langu mwenyewe.

Alikuwa mgonjwa wa juu, ameletwa kutoka Kizingitini na mwanawe, mtu mzima mwenye ndevu zilizoanza kuingia mvi. Alifariki Ijumaa asubuhi, jua limeshachomoza. Ilikuwa saa nne tulipomshusha chumbani na kuweka maji, na Bwana Athmani alikuwa amekwisha kukohoa na kutujulisha kwamba jeneza litolewe kabla ya adhana ya Ijumaa, ili asaliwe na msikiti uliojaa. Muda ulitosha. Maduka yalikuwa yakifungwa moja baada ya jingine, watu wakienda kuoga na kuvaa. Kwa lile dirisha nilimsikia mwanawe akizungumza na Bwana Athmani kwenye birika. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba radhi. "Bwana, sisi ni wageni katika muyi wenu," alisema. "Hatukuya na kitu. Mkimsitiri hata kwa shuka kuukuu, sisi tutashukuru." Nikayasikia maji yakimwagika. Kisha Bwana Athmani akajibu, na nilijua anazungumza nasi pia. "Hapa hapana sanda ya mgeni na sanda ya mwenyeji. Mamako atatoka kama anavyotoka mtu wa mtaa huu. Ukiona kimepungua kitu, nishike mimi." Nikiwa nimeshika dumu la maji nilijihisi nimerefuka. Niliwaza kwamba sanda yenyewe nimeikata mimi.

Tukamwosha. Tukamkausha. Bi Rukia akazungusha chetezo cha ubani juu ya nguo, nami nikafungua utepe wangu mzuri na kutandika mashuka mawili mkekani, moja juu ya jingine. Tulipomlaza, ndipo nilipoona. Kichwani palibaki kitambaa cha kukunja kidogo tu. Miguuni hapakubaki kitu. Nikavuta chini, kichwani pakaisha. Sanda haikunjwi tu, hufungwa juu na chini, na ile haikuwa na cha kufungwa. Nikakimbilia kidaka, nikafungua ya pili, nikaipima kwa ya kwanza. Zilikuwa sawasawa. Na ya tatu, na ya nne. Nilizikata zote kwa uangalifu mkubwa, zote zikiwa fupi kwa kipimo kimoja. Nilifungua daftari kwa mikono yenye maji. Mikono mitano. Nilikuwa nimekata mikono mitano. Ndipo nilipoutazama mkono wangu uliokuwa juu ya ukurasa, mfupi, mnene kidogo, mkono wa msichana anayemfika Bi Swafiya mabegani.

"Ndiyo mambo ya daftari," akasema Bi Maryamu, na sauti yake haikuwa na mzaha. Alikwisha kuchukua sindano. Alisema tuunge: shuka la sanda ya pili likatwe, lishonwe mwishoni mwa la kwanza, tumalize. Lilikuwa jambo la kufanyika, na sheria hailikatazi. Nilikuwa nimeshapiga magoti kuanza kukata pale Bi Rukia alipoweka chetezo chini. "Weka sindano, Maryamu," akasema. "Mgeni hatoki kwa kiraka. Mwanawe atamteremsha kaburini kwa mikono yake. Ataushika ule mshono." Bi Maryamu akamuuliza atafanya nini basi, maduka yamefungwa, jora limekwisha, saa inakwenda. Bi Rukia alikuwa akifungua pindo la leso yake, palipofungwa ufunguo. Akanipa. "Wenda kwangu. Tini ya kitanda mna kasha. Kitu kilichofungwa kitambaa cha kijani, yuu kabisa. Lete." Bi Maryamu alijua ni nini kabla yangu. "Rukia," akasema polepole, "ile ni yako." "Nayua ni ya nani," akajibu Bi Rukia. "Na we Zuhura, usikimbie. Mtu akikimbia siku ya maiti, watu huuliza."

Kutoka Langoni hadi nyumbani kwa Bi Rukia Mkomani si mbali, na siku nyingine ningefika kabla ya kuwaza jambo. Siku hiyo nilitembea. Nilipisha punda wawili waliobeba mchanga. Nilijibu salamu za wanaume waliovaa kanzu safi, na kila kanzu nyeupe iliyopita ilinichoma. Nilifungua kasha, nikakipata kitambaa cha kijani, na kabla sijakigusa harufu ilinijulisha. Kila mtu mtaani alijua habari ya sanda ya Bi Rukia. Alikwenda Makka miaka mingi nyuma, akairudisha imechovywa maji ya Zamzam, imekaushwa kwa jua la huko. Kila mwezi wa Shaaban aliitoa, akaianika uani, akaifukiza udi, akaikunja tena. Wanawake wengine wa umri wake waliweka dhahabu kwa ajili ya wajukuu. Yeye alikuwa ameweka hii kwa ajili yake. Niliificha ndani ya buibui, nikarudi kwa njia niliyoijia, na karibu na msikiti nikasikia watu wameanza kujaa, na viatu vikivuliwa.

Bwana Athmani alikohoa nilipokuwa nikiinama mlangoni. "Kama kuna mtu ndani," akasema, "watu wanauliza." Bi Rukia hakuinua hata kichwa. "Waambie bibi arusi hatoki kabla ya kupambwa," akajibu. Tukaitandika. Ilikuwa imekatwa na watu wanaowakatia mahujaji wa nchi zote, haikujua mrefu wala mfupi. Ilimfunika yule mama wa Kizingitini kichwa hadi miguu, ikabaki ya kufunga juu, ikabaki ya kufunga chini, na bado Bi Rukia akapata ya kuweka mkunjo wa urembo pembeni, kama aliokuwa akiwawekea maarusi kwenye leso zao. Vifundo nilivifunga mimi. Bi Maryamu aliniambia nifunge, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, na vifundo vilishika. Jeneza lilipopita ukumbini, adhana ilikuwa haijaanza.

Alasiri ile mwanawe alikuja hadi mlangoni, akasimama nje, uso ameuelekeza upande mwingine kwa adabu. Alituombea dua ndefu. Kisha akasita. "Mama zangu, ile nguo," akasema, "nilipomteremsha niliisikia harufu yake. Mimi sijafika Makka, lakini babu yangu alifika, na kasha lake lilinuka vile." Nilimtazama Bi Rukia, naye alikuwa akichagua mawe katika mchele wa matanga kana kwamba hakusikia. Bi Maryamu ndiye aliyejibu, yeye mwenye ulimi usiolala. "Ni sanda ya chumbani, mwanangu," akasema. "Zote ni hivyo." Nimesikia watu wengi wakisema maneno mazuri tangu siku ile, katika mikutano, katika sherehe, mbele ya vipaza sauti. Sijasikia yaliyoyapita hayo, nayo yalisemwa na mwanamke aliyekuwa amekunja sura kwa sababu moshi ulimwingia machoni.

Bi Swafiya alirudi baada ya wiki tatu. Alikuwa ameshaambiwa, Amu hakuna habari inayongoja boti. Jumatatu ile nilikuja na mkasi umefungwa katika karatasi, daftari juu yake, nikaviweka mbele yake kabla ya salamu kwisha. Bi Maryamu akafungua mdomo, Bi Swafiya akamtazama, mdomo ukafungwa. "Lete mkono," akaniambia. Nikaukunjua. Akaulaza wake kando ya wangu juu ya mkeka, kiwiko kwa kiwiko. Kidole changu cha kati kiliishia usawa wa kiganja chake, kabla vidole vyake havijaanza. Chumba chote kiliinama kutazama. "Miaka yote hii," akasema Bi Swafiya, "nimepima watu kwa mkono huu, na haikunipitia kwamba siku nikienda nitaondoka nao." Akalichukua daftari, akalifungua penye mistari yangu ya rula. "Hapa hapana kosa. Kosa ni kwamba ulinisomea, nami nikasema ni sahihi." Kuanzia siku hiyo ikawekwa kanuni mpya: tusipime kwa mkono wa mtu yeyote, tupime kwa uzi, kutoka kwa marehemu mwenyewe, na nyongeza ya juu na chini. Nikaiandika. Ni kanuni inayofuatwa hadi leo, na wasichana watatu niliowakuta juzi wanaamini imekuwako tangu msikiti ulipojengwa.

Lakini mkasi sikuuchukua. Bi Swafiya alinirudishia, nikaurudisha. Nilisema nitabeba maji, na kweli nilibeba maji, kwa muda wa miezi miwili na zaidi. Alipofariki mtu nilijaza madumu, nilichemsha, nilipoza, nilisuuza, na ulipofika wakati wa bafta nilijipa kazi uani. Nilikuwa nikiota ile miguu. Nikiwa peke yangu chumbani sikuweza kupita mbele ya kidaka kile. Bi Maryamu, kwa namna yake ya kunifariji, alinifanyia mzaha kila Jumatatu: "Mwandishi, leo umeandika madumu mangapi?" Nami nilicheka nao, huku nikiwaza kwamba hivi karibuni nitakwenda Mombasa, nitatafuta kazi, na watu wa mtaa watanikumbuka, kama watanikumbuka, kuwa ni yule aliyempunguzia mgeni sanda. Jamaa za mama wa Kizingitini hawakujua. Mtaa nao haukuwa na hakika. Ila mimi nilijua, na nilianza kuacha siku za Jumatatu, nikitoa udhuru.

Jumatatu ya mwisho kabla sijaondoka nilikwenda kwa sababu Bi Rukia aliniita kwa jina, kupitia Bwana Athmani, ambaye ilimbidi aje hadi barazani kwetu kukohoa. Nilikuta mkeka mpya umetandikwa katikati ya chumba na jora jipya la bafta limeegemezwa ukutani. Mkate wa mofa ulikuwa bado una moto kwenye sinia, na mchuzi wa pweza kando, na hakuna aliyekuwa ameanza kula. Bi Rukia alishuka kutoka kasha lake, akajipanga buibui, akalala chali juu ya mkeka, miguu pamoja, mikono kifuani. "Haya," akasema, macho yamefumbwa. "Mimi sina sanda. Yangu nimempa mtu. Nipime." Hakuna aliyecheka. Kisha akafumbua jicho moja. "Zuhura, njaa inaniuma, na mofa inapoa. Hata ukikosea kwa mikono miwili, mimi itanitosha. Waogopa nini?" Hapo ndipo Bi Maryamu alipoangua kicheko, akashika ukuta, na Bi Swafiya, ambaye nilimwona akicheka mara mbili tu katika maisha yangu, akageuza uso dirishani, mabega yakimtikisika.

Nikapiga magoti. Bi Swafiya aliweka uzi mkononi mwangu, na mkasi juu yake. Nikaushika uzi utosini mwa Bi Rukia, nikaunyosha juu ya paji lake, juu ya kifua chake kilichokuwa kikipanda na kushuka kwa kicheko alichokizuia, hadi kwenye vidole vyake vya miguu vilivyotiwa hina. Alikuwa mdogo mno. Nikaongeza ya juu, nikaongeza ya chini. Nikatandika bafta, nikapima mara moja, nikapima mara ya pili, na mkasi ulipoingia kitambaani ulitoa ile sauti yake ya kukwaruza, na haukusimama hadi ulipofika upande wa pili. Vipande vitano. Bi Swafiya alivipitisha kimoja kimoja kwa uzi, bila haraka, mbele ya wote, kisha akaniachia nikunje. Tukala mofa ikiwa baridi.

Nilimsindikiza Bi Rukia hadi Mkomani jioni hiyo, jua bado likiwa kwenye mapaa. Alikataa nimbebee. Aliiweka sanda kwapani, nje ya buibui, wazi, kama mtu aliyetoka dukani siku mbili kabla ya Idi. Barazani pa kwanza kulikuwa na wanawake wawili, na mmoja akamuuliza, "Bi Rukia, umenunua nini?" Bi Rukia akasimama. Aliinua bafta lile ili walione, pamoja na mimi niliyesimama nyuma yake nikitamani kujificha. "Nguo mpya," akasema, kwa sauti iliyofika madirisha ya juu. "Amenikatia Zuhura." Na alisema vivyo hivyo barazani pa pili, na pa tatu, na kwenye kila mlango ulioketiwa na watu, kwa aliyemuuliza na asiyemuuliza, hadi tukafika kwake.